Ndoa ya Kanisani: Ni Nani Aliyesema Lazima Padre na Mashahidi?

Katika vikundi vya kujisaidia tunavyovitembelea Likoni, Kisauni na Changamwe kuna swali moja ambalo halikosi. Huenda tumekutana kuzungumza juu ya kuku wa mayai au mkopo wa cherehani, lakini kabla chai haijaisha mama mmoja atauliza: "Sasa sisi tulioishi na wazee wetu miaka kumi na mitano bila kwenda kanisani, sisi si wake?" Wenzake hucheka kidogo, halafu wote hunyamaza wakingoja jibu.

Swali hili si la mchezo. Tunajua yanayotokea mzee anapofariki. Amefanya kazi bandarini au viwandani miaka mingi, ameacha akiba katika chama, nyumba ya udongo na mabati, na pesa zake za uzeeni. Matanga hayajaanuliwa, ndugu wa marehemu wameshafika kutoka bara na neno moja tu: "Wewe ulikuwa nani wake?" Mama ana watoto, ana picha, ana majirani wanaomjua. Karatasi hana.

Wengi wetu hudhani sheria ya Kanisa juu ya ndoa ilishuka kutoka mbinguni ikiwa kamili, pamoja na shela, keki na magari yenye maua. Sivyo. Sheria hiyo ilijengwa polepole kwa karne nyingi, na mara nyingi kilichoifanya ibadilike ni shida kama ya mama huyu: watu wawili wanakubaliana, mmoja anakana, na yule mnyonge anabaki bila ushahidi. Ndiyo maana tumeona vyema kuieleza hapa kwa kirefu kidogo.

MIAKA 1500 BILA SHARTI LA PADRE

Wakristo wa kwanza walioana kama majirani zao. Yesu alifundisha kwa ukali kwamba mume asimfukuze mke kwa kumpa talaka, lakini hakuacha utaratibu wowote wa harusi. Kule Kana yeye na mama yake walikuwa wageni waalikwa tu. Mwanzoni mwa karne ya 2, Ignasi, Askofu wa Antiokia, alishauri waumini waoane kwa kumjulisha askofu, lakini huo ulikuwa ushauri, si sharti.

Mwaka 866 Wabulgaria, waliokuwa wageni katika imani kama sisi tulivyokuwa baadaye, walimwandikia Papa Nikolasi I kumuuliza mambo mengi, na moja lilikuwa harusi. Papa aliwaeleza desturi za Roma: uchumba, pete, mahari, baraka ya padre, mataji. Kisha akaongeza jambo ambalo ningependa kila kamati ya harusi ilisikie. Alisema mambo hayo yote yakikosekana si dhambi, hasa kwa kuwa wengine ni maskini mno. Kinachotakiwa ni ridhaa ya wale wawili. Hiyo ikikosekana, mengine yote ni bure.

Katika karne ya 12 wataalamu wa sheria waliulizana ni nini hasa kinachofanya ndoa, maneno ya kukubaliana au kulala pamoja. Papa Aleksanda III (1159 hadi 1181) alilikata shauri. Mume na mke wakisema kwa hiari "nakuoa" na "naolewa nawe", ndoa imekuwepo tangu saa ile. Wakiisha kukutana kimwili, hakuna mwenye uwezo wa kuivunja. Lilikuwa jambo kubwa kwa wasichana. Baba angeweza kupatana na baba mwenzake kuhusu ng'ombe na mashamba, lakini binti akisema hapana, ndoa haipo. Mpaka leo Kitabu cha Sheria za Kanisa, kanuni ya 1057, kinasema ridhaa hiyo hakuna mwanadamu awezaye kuitoa kwa niaba ya mwingine. Wazee wanaompeleka mtoto wa kike kwa mume ili deni lilipwe wajue hilo, hata kama shangazi wote wamekubali.

KIJANA ANAPOKANA

Lakini mlango huo wa ridhaa peke yake ulikuwa na ufa. Kama maneno ya wawili yatosha, basi yangeweza kusemwa popote, hata nyuma ya ghala usiku. Kijana akamwapia msichana, wakaishi kama mke na mume, kisha baada ya mwaka akasimama mbele ya watu wote na kumwoa mwingine mwenye mali. Yule wa kwanza akienda kulalamika, angeulizwa mashahidi wako wapi. Mbele ya Mungu yeye ndiye mke. Mbele ya watu hakuwa kitu. Je, hamumjui mtu kama huyo hapa kwetu?

Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano uliagiza ndoa zitangazwe kanisani kabla ya kufungwa, ili mwenye pingamizi aseme. Hayo ndiyo matangazo tunayoyasikia mpaka leo. Hata hivyo ndoa ya siri iliendelea kuhesabiwa kuwa ndoa, na wanawake waliendelea kukanwa.

Ndipo Mtaguso wa Trento, tarehe 11 Novemba 1563, ulipotoa amri iitwayo Tametsi: ndoa ya Wakatoliki isiyofungwa mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu ni batili. Paroko aliagizwa pia aandike majina katika kitabu. Kabla ya hapo maaskofu walibishana sana, wengine wakisema Kanisa haliwezi kubatilisha ridhaa ya watu. Wajumbe wa mfalme wa Ufaransa walitaka liongezwe na sharti la ridhaa ya wazazi. Mtaguso ulikataa. Ulisema ni vibaya kuoa bila kuwaarifu wazazi, lakini wazazi si wao wanaofanya ndoa. Msisahau, padre naye hafanyi ndoa. Yeye ni shahidi wa Kanisa na ndiye anayeipokea ridhaa. Wanaofungisha ndoa ni bwana na bibi harusi wenyewe.

Amri hiyo ilifanya kazi tu mahali ilipotangazwa, na nchi nyingi haikutangazwa. Papa Pio X ndiye aliyeieneza kila mahali kwa amri ya Ne Temere ya mwaka 1907, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908. Kwa hiyo anayesema "Kanisa limekuwa hivi tangu Petro" hajasoma. Na anayesema "basi padre si lazima" naye akumbuke ni kwa ajili ya nani sharti hilo liliwekwa.

WATU WA KENGELENI

Tuje kwetu. Kila anayepanda matatu ya Kisauni anajua Kengeleni. Mnara ule wa kengele ni alama ya Frere Town, kijiji walichokianzisha wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kule Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameanza kazi ya namna hiyo tangu 1868, wakiwaoza vijana waliokombolewa na kuwapa nyumba na shamba.

Sasa fikiria mtu aliyekamatwa karibu na Ziwa Nyasa. Alikuwa na mke. Mke aliuzwa njia nyingine, hajulikani kama yu hai au amekufa. Mtu huyu anabatizwa, na anataka kuoa mwanamke aliyeshuka naye jahazini, ambaye naye aliacha mume. Je, wazini? Au wakae wapweke mpaka kufa kwa sababu ya dhambi ya mtu aliyewauza?

Kwa upande wa Katoliki swali hilo lilikuwa limeshajibiwa miaka mingi kabla. Mwaka 1585 Papa Gregori XIII aliandika juu ya watumwa waliokuwa wakichukuliwa kutoka Angola, Ethiopia, Brazil na kwingineko. Alitoa ruhusa kwamba aliyebatizwa, kama hawezi kumpata mwenzake wa kwanza kwa sababu ya utumwa, aweze kuoa tena kanisani hata bila kumwuliza yule aliye mbali. Sheria hiyo haijafa. Imo katika Kitabu cha 1983, kanuni ya 1149, na inawahusu pia waliotenganishwa kwa mateso. Kwa maoni yangu hapo Kanisa lilionyesha akili na huruma pamoja, ingawa ingekuwa heri zaidi kama lingewakemea waliokuwa wakiwauza kwa sauti kubwa kiasi hicho.

Habari ya wake wengi nayo ina historia. Papa Paulo III mwaka 1537 alisema mtu mwenye wake wengi akibatizwa abaki na wa kwanza, na kama hakumbuki ni yupi wa kwanza, achague mmoja. Papa Pio V mwaka 1571 akaruhusu abaki na yule atakayebatizwa naye. Leo kanuni ya 1148 inasema asiyebatizwa mwenye wake kadhaa ambao nao hawajabatizwa, akiisha kupokea ubatizo katika Kanisa Katoliki na ikiwa ni vigumu kwake kubaki na wa kwanza, aweza kubaki na mmojawapo. Hapo ndipo watu wengi huishia kusoma. Kanuni inaendelea: askofu ahakikishe kwamba wale wengine wanatunzwa kwa haki na kwa upendo. Maana yake, mzee wa Kisauni hawezi kubatizwa leo na kesho akamwambia mke wa pili, mama wa watoto wanne, "Dini imenikataza, ondoka." Nyumba yake, shamba lake na karo ya watoto ni sehemu ya swali la ubatizo wenyewe. Makatekista, tafadhali lifundisheni hilo kabla ya maji kumwagwa, si baada.

Na wale waliooana kimila wote wawili wakiwa hawajabatizwa, mke mmoja mume mmoja? Hiyo ni ndoa ya kweli mbele ya Kanisa. Wakibatizwa wote wawili inakuwa sakramenti bila harusi nyingine. Wengi waliosumbuliwa kutafuta gauni jeupe hawakulihitaji. Lakini Mkatoliki aliyekwisha kubatizwa akioa kimila tu, hapo sharti la 1908 linamkamata, na ndoa yake bado haijatimia mbele ya Kanisa.

SERIKALI NA MJANE

Serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya ndoa mwaka 1902, kisha sheria ya ndoa za Wakristo Waafrika mwaka 1904, na nyingine iliyochukua nafasi yake mwaka 1931. Ile ya 1931 ilikuwa na kifungu ambacho mama zetu wachache sana waliwahi kuambiwa. Kilisema mjane aliyefunga ndoa ya Kikristo ni mtu mzima wa kujitegemea, halazimiki kurithiwa na ndugu ya marehemu wala kuwa chini ya amri yake, na bado anayo haki ya kudai matunzo kutoka kwa ukoo. Cheti cha kanisani kilikuwa ngao kweli kweli.

Sheria hizo zilifutwa na Sheria ya Ndoa ya 2014. Sasa ndoa zimewekwa pamoja katika sheria moja: za Kikristo, za serikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Umri ni miaka 18 kwenda juu, hata kama sheria ya Kanisa ina umri wa chini zaidi. Mume na mke wana haki sawa. Padre mwenye leseni ya kufungisha ndoa anatoa cheti kinachotambuliwa na serikali, kwa hiyo kanisani unafunga mara mbili kwa siku moja. Ndoa ya kimila nayo inatakiwa kuandikishwa kwa Msajili wa Ndoa, kazi iliyoanza mwaka 2017. Kuhusu mahari, sheria inasema pale mila inapoidai, sehemu ndogo iliyotolewa kama ishara yatosha kuthibitisha ndoa. Sheria ya Kanisa haina hata mstari mmoja unaodai mahari. Mnaongoja miaka saba mpaka mbuzi wa mwisho apatikane, mnangoja kwa hiari yenu.

Na "njoo tukae"? Zamani mahakama zilikuwa zikisema waliokaa pamoja muda mrefu wadhaniwe kuwa mume na mke. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema dhana hiyo itumike kwa nadra sana, na anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kwa hiyo yule mama wa Likoni hana tena kamba ya kutegemea hapo. Watoto wake wako salama zaidi kuliko yeye, maana Katiba ya 2010 inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawakuoana.

MAFUNDISHO YALIYOLAINIKA

Kitabu cha Sheria za Kanisa cha 1917 kilisema lengo la kwanza la ndoa ni kuzaa na kulea watoto, na kusaidiana ni la pili. Mtaguso wa Pili wa Vatikani mwaka 1965 uliieleza ndoa kuwa ushirika wa maisha na upendo, na Kitabu cha 1983 kikataja mema ya mume na mke pamoja na watoto bila kuyapanga la kwanza na la pili. Utasa haubatilishi ndoa wala haukatazi kuoana. Mwanamke anayetishwa kwamba atarudishwa kwao kwa sababu hajazaa, Kanisa liko upande wake.

Vilevile kanuni ya 1153 inamruhusu aliyeolewa kuondoka kama mwenzake anamhatarisha vibaya, mwilini au rohoni, yeye au watoto. Hawezi kuolewa tena kanisani kwa sababu hiyo peke yake, lakini kuondoka si dhambi. Mwambieni hivyo yule anayepigwa, msimwambie avumilie tu kwa kuwa aliapa.

Kwa ndoa na ndugu zetu Waislamu, ambalo ni jambo la kila siku Likoni, Mkatoliki anahitaji ruhusa ya askofu. Zamani wote wawili waliahidi watoto watabatizwa. Siku hizi Mkatoliki pekee huahidi kufanya awezavyo, na mwenzake anaarifiwa. Binti akifunga kwa kadhi bila ruhusa hiyo, Kanisa haliitambui. Ajue pia kwamba kwa sheria ya 2014 ndoa ya Kiislamu ni ya namna inayoweza kuongezwa mke.

Wenye ndoa ya zamani iliyovunjika waliokuwa wakiogopa kesi ndefu ya Kanisa wajue kwamba Papa Fransisko aliifupisha mwaka 2015. Hukumu moja sasa yatosha, na maaskofu wameombwa gharama ziondolewe kadiri inavyowezekana. Mwaka uliofuata, katika barua yake juu ya upendo katika familia, alitaja wazi kwamba wengine hukaa bila ndoa kwa sababu sherehe ni ghali mno.

MFANYE NINI

Nendeni kwa paroko au katekista wa Jumuiya, wote wawili. Mkiwa hamna kizuizi, mtatoa upya ridhaa yenu mbele ya padre na mashahidi wawili. Watu huita kubariki, lakini ni kufunga ndoa hasa. Siku ya kazi jioni inafaa. Mavazi safi yanatosha. Mkiwa wanandoa watano au sita katika mtaa mmoja, ombeni mfungishwe pamoja, na kikundi kipike sufuria moja ya pilau.

Kama mzee anakataa kata kata kuingia kanisani lakini bado anakutaka uwe mkewe, mweleze paroko. Iko njia, kanuni ya 1161, ambayo askofu huitengeneza ndoa tangu shina bila kumlazimisha yule bwana kurudia maneno. Hiyo itakurudisha kwenye Komunyo, ila haitakupa cheti cha serikali, kwa hiyo mshawishi angalau muandikishe ndoa ya kimila kwa Msajili.

Mnapokwenda chukueni vitambulisho na cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni katika parokia mliyobatizwa, hata kama iko Taita au Kisumu. Kuandika barua mapema huokoa nauli. Majina katika kitambulisho na cheti yalingane, herufi kwa herufi, kwa maana hapo ndipo wengi hukwama. Cheti cha ndoa kikitoka, toeni nakala mbili, na moja msiiweke katika nyumba mnayoishi.